Mwalimu Anayepelekwa Wilayani Asiiache Chaki

Kila mwaka, katika shule nyingi za msingi nchini, hufanyika tafrija ndogo ambayo walimu wanaifahamu vizuri. Barua imefika kutoka Halmashauri: mwalimu fulani, ambaye kwa miaka kumi au kumi na mitano amekuwa nguzo ya darasa la kwanza, ameteuliwa kwenda kufanya kazi katika ofisi ya elimu ya wilaya, upande wa taaluma. Walimu wenzake huchanga, soda hununuliwa, kuku huchinjwa, wazee wa kamati ya shule hutoa maneno ya baraka na watoto huimba. Siku ya pili yake mwalimu hufunga mizigo. Juma linalofuata watoto wa darasa la kwanza huingia darasani wakamkuta mwalimu mwingine, au wasimkute mwalimu yeyote.

Hapana mtu wa haki atakayemwonea kijicho mwalimu huyo. Ameitwa, na kuitwa ni heshima. Lakini ndani ya furaha ile kuna swali ambalo aghalabu halitamkwi, nalo ni hili: umma umepata nini katika badiliko hilo? Kwamba shule imepoteza mwalimu hodari, hilo halina ubishi. Je, wilaya imepata kiongozi wa mtaala, au imejiongezea karani mmoja? Jibu la swali hilo halimo katika barua ya uteuzi. Linategemea kama mwalimu huyo ataiacha chaki nyuma yake, au ataondoka nayo.

Ili jambo hili lieleweke barabara, yafaa kwanza ijulikane kazi yenyewe ni ipi. Mtaala si kitabu cha kufungiwa kabatini. Ni uamuzi wa taifa juu ya mambo ambayo mtoto wake atajifunza, sababu ya kujifunza mambo hayo, njia ya kuyafundisha, na namna ya kutambua kwamba kweli ameyajua. Uamuzi huo huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, chombo ambacho chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1975. Kutokana na mtaala hupatikana muhtasari wa kila somo. Kutokana na muhtasari mwalimu hutayarisha azimio la kazi. Kutokana na azimio la kazi hutayarisha andalio la somo. Na kutokana na andalio hilo hupatikana kile kinachotokea mbele ya ubao saa mbili za asubuhi, darasani mwenye watoto sabini au zaidi, baadhi yao wakiwa wametembea kilomita kadhaa bila kuonja hata uji.

Mnyororo huo ni mrefu. Unaanzia katika meza ya mtaalamu Dar es Salaam na kuishia kwenye dawati la mtoto wa Ngara au Tunduru. Isitoshe, umeshikwa na mikono miwili: Wizara ya Elimu hushika sera, mitaala na uthibiti wa ubora wa shule, kazi ambayo zamani iliitwa ukaguzi, na TAMISEMI, kwa kupitia Halmashauri, hushika shule zenyewe na walimu wake. Mahali mikono hiyo miwili inapokutana ni wilayani na katani. Hapo ndipo anapokaa Ofisa Taaluma. Yeye haandiki mtaala, wala si yeye anayesimama mbele ya watoto kila siku. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kilichoamuliwa kule kimeeleweka huku, na kwamba taabu inayoonekana huku inajulikana kule. Pete hiyo ikikatika, mnyororo mzima umekatika, hata kama vitabu vimechapishwa na semina zimefanyika.

Nchi hii imekwisha kuliona jambo hilo zaidi ya mara moja. Mwaka 1967 ilipotolewa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, shabaha yake ilikuwa pana: kumlea kijana mwenye akili ya kuuliza, mwenye uwezo wa kujifunza kwa wengine bila kupoteza msimamo wake, na mwenye kuithamini kazi. Lakini katika shule nyingi ujumbe huo ulifika umekatwa nusu. Palipokosekana mtu wa kukaa na walimu na kuujadili, Elimu ya Kujitegemea ilifasiriwa kuwa ni jembe na bustani ya mchicha tu. Watoto walilima, na mara nyingine walilima shamba la mwalimu, lakini ile akili ya kuuliza haikupandwa.

Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, lililotaka watoto wote wenye umri wa kwenda shule wawe wamepata nafasi ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha hata kidogo. Ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafunzwe ualimu huko huko vijijini, huku wakifundisha. Wapo wanaowacheka vijana wale hadi leo, lakini wanasahau kwamba watu wazima wengi wanaosoma gazeti leo walishikwa mkono na vijana hao walipoanza kuandika. Kijana wa namna hiyo hakuweza kusimama peke yake. Alihitaji mwalimu mzoefu wa kumfuata darasani, kumsikiliza, kumsahihisha jioni, na kesho yake kuchukua chaki na kumwonyesha. Ratiba na nyaraka hazikuweza kufanya kazi hiyo.

Katikati ya miaka ya 2000 masomo ya fizikia na kemia katika shule za sekondari yaliunganishwa kuwa somo moja, na haukupita muda mrefu yakatenganishwa tena. Mwalimu wa darasani ndiye aliyebaki na vitabu viwili mkononi na mshangao usoni. Mwaka 2005 ulianza pia mtaala wa kujenga umahiri, uliomtaka mwalimu asimjaze mtoto maneno bali amwezeshe kutenda. Lakini walimu wengi waliupokea kwa jina tu, wakaendelea kuandika ubaoni na watoto kunakili. Kisha upimaji uliofanywa miaka ya mwanzo ya 2010 ukadhihirisha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ndiyo maana mwaka 2015 mafunzo ya darasa la kwanza na la pili yakarudishwa kwenye msingi wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Na Januari 2024 yakaanza kutumika mabadiliko mengine makubwa ya mitaala, yaliyotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 katika toleo lake la 2023. Kwa hiyo, anayehamia ofisi ya taaluma sasa anaingia wakati ambapo kila mwalimu katika wilaya yake ana swali la kuuliza. Akiwa hana jibu ila waraka, walimu watasoma waraka, wataukunja, na kurudi katika yale waliyoyazoea.

Nini hasa humpata mwalimu huyo akifika wilayani? Hupewa meza na kiti. Siku ya kwanza huulizwa takwimu za madawati. Siku ya pili hutakiwa idadi ya matundu ya vyoo. Siku ya tatu ugeni unakuja kutoka mkoani, naye hutumwa kuandaa taarifa. Juma la pili ni mitihani ya majaribio, na bahasha hazijafungwa. Mwezi unakwisha, naye hajaingia darasani hata mara moja. Haya yote si kazi za upuuzi. Mtoto hawezi kusoma akiwa amekaa sakafuni, wala shule haiwezi kuendeshwa bila hesabu. Lakini mtu aliyechaguliwa kwa sababu anajua kumfundisha mtoto kusoma, akafanywa mkusanyaji wa takwimu, ni sawa na fundi cherehani aliyepewa kazi ya kuhesabu vifungo.

Baada ya mwaka mmoja au miwili, hatari ya pili huingia, nayo ni mbaya kuliko ya kwanza. Kiti humbadilisha mtu. Yule aliyekuwa akiitwa "Mwalimu" au "mwenzetu" huanza kuitwa "Mheshimiwa" na "Bosi", na sikio lake likauzoea wito huo. Akitembelea shule, hutaka aletewe daftari za maandalio ya masomo ofisini kwa mwalimu mkuu, hutazama kama zina sahihi na tarehe, huandika kwa kalamu nyekundu, hufoka kidogo na kuondoka. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliukemea ubwana wa namna hiyo kwa kiongozi yeyote, na lugha ya wananchi ikaupa jina linaloustahili: umangimeza. Matokeo yake ni kwamba mwalimu hujifunza kuandaa karatasi badala ya kuandaa somo. Maandalio huwa safi, yamepigiwa mistari kwa rula, na watoto hawajui kusoma.

Sasa yafaa atazamwe ofisa wa namna nyingine, yule aliyekwenda na chaki yake. Huyo hufika shuleni mapema, huwaamkia walimu, huomba ruhusa ya mwenye darasa, na kukaa nyuma kwenye dawati pamoja na watoto. Mwalimu anafundisha silabi. Darasa zima linaitikia kwa sauti moja: ba, be, bi, bo, bu. Mkaguzi wa karatasi angefurahi na kuondoka. Lakini aliyefundisha darasa la kwanza miaka kumi anajua kwamba sauti ya pamoja ni mdanganyifu mkubwa. Watoto kumi wanaojua huwabeba sitini wasiojua. Kwa hiyo huinama taratibu kwa mtoto aliye karibu naye, humwonyesha kwa kidole silabi ya tatu na kumuuliza hii ni nini. Mtoto hutazama juu kidogo, huanza kuimba kwa sauti ya chini tangu "ba", kisha hukwama. Hasomi, amehifadhi wimbo.

Baada ya kipindi, ofisa huyo hamwiti mwalimu ofisini. Huketi naye chini ya mwembe. Hamwambii kwamba amekosea. Humuuliza: "Yule mtoto aliyekaa pembeni ya dirisha, mara ya mwisho ulimsikia akisoma peke yake lini?" Mwalimu hufikiri, na katika kufikiri kwake somo limeanza. Hueleza kwamba watoto ni wengi, kipindi ni kifupi, na baadhi yao walikuja shule hawajui neno la Kiswahili. Ofisa hakatai, kwa kuwa na yeye yalimkuta hayo hayo. Kesho yake hufundisha yeye mwenyewe darasa lile lile, mwalimu akiwa ameketi nyuma. Amekata vipande vya boksi, ameviandika silabi, amevichanganya. Watoto katika vikundi wanavipanga mpaka yanatokea maneno "baba", "bibi" na "babu", naye anapita kundi hata kundi akiwasikiliza mmoja mmoja, watoto watano leo, watano kesho. Gharama yake ni boksi moja la dukani.

Hapo mwalimu amepata jambo la kushika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na walimu hawadanganyiki kumtambua aliyewahi kulala kitanda hicho. Kama ofisa huyo atawaambia jambo gumu, watalipokea, maana wamemwona akitoka jasho.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba kila mwalimu hodari ni kiongozi hodari wa mtaala. Kumfundisha mtoto ni ufundi mmoja, na kumsaidia mwalimu ni ufundi mwingine. Wapo walimu ambao mikono yao inajua kazi lakini ndimi zao haziwezi kuieleza. Wapo wengine ambao, kwa kuwa njia yao iliwafaa, humtaka kila mwalimu aifuate hivyo hivyo, bila kujali kwamba mtoto aliyekulia katika lugha isiyotofautisha r na l ana shida yake, na mtoto wa mjini aliyezaliwa na Kiswahili ana shida nyingine. Vilevile mwalimu bingwa wa kusoma na kuandika si lazima awe bingwa wa hisabati au sayansi. Akijifanya anajua yote, walimu wataufunua ujinga wake kimya kimya na kuacha kumsikiliza.

Kwa hiyo anayehamia wilayani hana budi kukubali kuwa mwanafunzi upya. Anapaswa ajifunze kusikiliza watu wazima, ajifunze kukosoa bila kuvunja moyo, na ajifunze kutumia ujuzi wa wengine. Hesabu nyepesi inatosha kuonyesha sababu. Mwaka wa masomo una siku takriban 194. Wilaya ikiwa na shule 120, ofisa anayetembelea shule moja kila siku ataiona kila shule mara moja tu, na zitakazombakia ni siku 74 za kazi nyingine zote. Hawezi kuwa mwalimu wa kila mwalimu. Anachoweza ni kuwafanya walimu wafundishane. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kwa kifupi kama MEWAKA, umeweka njia hiyo kwa kuzitaka shule ziwe na jumuiya za kujifunza, ambamo walimu hukutana, hujadili somo lililowashinda, hulifundisha na kulitathmini. Jumuiya hizo zikiachiwa zijiendee, zitageuka kuwa daftari la mahudhurio na picha za kutuma wilayani. Zikipata ofisa anayekaa nazo na kuuliza maswali ya darasani, zitafanya kazi ambayo semina za ngazi kwa ngazi hazijaweza. Semina hizo mara nyingi ni sawa na kuchota maji kwa tenga: yaliyojaa mkoani hufika katani nusu, na shuleni huwa ni unyevunyevu tu.

Yafuatayo, basi, hayana budi kutazamwa na wenye dhamana. La kwanza ni uteuzi. Ofisa wa taaluma achaguliwe baada ya kutazamwa akifundisha, na baada ya watoto wake kusikilizwa wakisoma. Shahada ni jambo jema, na hakuna anayeidharau, lakini shahada haisemi kama mtu anaweza kumtambua mtoto anayeimba badala ya kusoma. Kujuana ndiko kusiwe na nafasi kabisa katika jambo hili.

La pili ni makabidhiano. Haifai mwalimu wa darasa la kwanza aondolewe katikati ya muhula kwa barua ya siku saba. Apewe muda wa kumwandaa mrithi wake, wafundishe pamoja, na amwachie vifaa na kumbukumbu za kila mtoto. Kazi hiyo itakuwa ndiyo mtihani wake wa kwanza wa uongozi. Asiyeweza kumwandaa mwalimu mmoja anayefanya naye kazi kila siku, atawezaje kuwaandaa walimu mia sita?

La tatu ni vipindi. Kila ofisa wa taaluma, awe wa wilaya au wa kata, apangiwe vipindi vichache kila juma katika shule iliyo karibu na ofisi yake, na vipindi hivyo viheshimiwe kama inavyoheshimiwa mikutano. Daktari anayeongoza hospitali ya wilaya haachi kutibu, na hakuna anayeona kwamba kufanya hivyo kunampunguzia cheo. Mtaala mpya unapofika, ofisa huyo aujaribu yeye kwanza mbele ya watoto halisi kabla ya kuwaita walimu na kuwaeleza. Atakapoandika taarifa kwamba mada fulani haitoshi katika muda uliopangwa, taarifa yake itakuwa ya mtu aliyeona kwa macho, na wataalamu wa mitaala watakuwa na jambo la kufanyia kazi.

La nne ni mzigo wa karatasi. Wakuu wa idara watasema, na kwa kiasi ni kweli, kwamba taarifa zinatakiwa na anayezitaka yuko juu yao. Lakini takwimu za madawati zina watu wake, nao ni maofisa wa takwimu na vifaa. Idara itakayomwachia ofisa wa taaluma walau siku tatu za juma awe shuleni haitakosa taarifa. Itapata taarifa iliyo bora zaidi, inayosema watoto wanajua nini.

La tano, nalo ni zito, ni heshima ya wale wanaobaki. Mwalimu anaweza kupanda madaraja ya utumishi akiwa darasani. Hilo lipo na ni jema. Lakini macho ya watu huona pikipiki, ofisi na posho ya safari, na kutokana na hayo huhukumu kwamba aliyeondoka amefaulu na aliyebaki amekwama. Maadamu fikira hiyo inaendelea, walimu bora wataendelea kulitazama darasa kama kituo cha kusubiri basi. Mwalimu bingwa anayeamua kubaki na watoto wa darasa la kwanza mpaka siku ya kustaafu hana budi kupewa cheo, malipo na sifa zinazomfanya asijutie uamuzi wake, na walimu wa shule nyingine wapelekwe kujifunza kwake. Kiongozi wa mtaala si lazima awe na meza wilayani.

Mwaka 1955 mwalimu mmoja wa Pugu alilazimika kuchagua kati ya kazi yake ya kufundisha na kazi ya kuongoza harakati za kudai Uhuru. Aliacha kazi ya shule. Akawa Waziri Mkuu, akawa Rais, akastaafu urais mwaka 1985, na alipofariki mwaka 1999 taifa zima lilimlilia kwa jina lile lile alilotoka nalo darasani. Watu hawakumwita Mwalimu kwa kuwa aliwahi kuajiriwa ualimu, waliajiriwa wengi. Walimwita hivyo kwa kuwa, kila aliposimama mbele yao, alieleza jambo mpaka likaeleweka, alikubali kuulizwa, na alikiri pale mambo yalipokwenda kombo.

Mwalimu anayefungua leo barua ya kuhamia wilayani hajaambiwa ahamie nchi nyingine. Afunge mizigo yake, aage vizuri, na katika mfuko wa koti atie vipande vichache vya chaki. Asubuhi ya kwanza atakapoulizwa takwimu za madawati, azitoe upesi. Kisha aulize shule iliyo karibu iko wapi, na kipindi cha kusoma cha darasa la kwanza kinaanza saa ngapi.